Habari za Magomeni, na Maisha ya Nyumba za Vyumba

Wengi wenu mna mtoto, au ndugu, au mpwa, aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Akipiga simu husema, "Nimepata chumba Magomeni," au Manzese, au Tandale, au Buguruni; nanyi hubaki mkijiuliza: Chumba hicho ni chumba cha namna gani? Na watu wa huko waishije? Sisi tumekaa Magomeni, tumelala katika vyumba hivyo na kuteka maji katika nyua zake. Leo twataka kuwapeni habari zake kwa taratibu, mema yake na mabaya yake, mpate kujua mtoto wenu akaa na watu gani, tena alipa nini. Maana kodi ya huko ni mbili. Ya kwanza hulipwa kwa fedha, na kila mtu aijua. Ya pili hulipwa kwa namna nyingine, na kijana asiyeambiwa habari zake kabla ya kusafiri hupata taabu.

MAHALI PENYEWE

Mtu atokaye katikati ya mji, penye bandari na maduka makubwa, akishika Barabara ya Morogoro kwenda upande wa bara, atashuka katika bonde la Jangwani, ambamo mto Msimbazi wapita ukielekea baharini. Ng'ambo ya bonde barabara yapanda tena, na hapo ndipo Magomeni inapoanza. Kwanza ni Magomeni Mapipa, kisha Usalama, kisha Mwembechai na Kagera, na mbele yake ni Manzese. Ndani ya mitaa mna majina mengine mengi: Mikumi, Makuti, Mzimuni, Ndugumbi, Makurumla. Tangu mwezi wa Mei 2016 mabasi yaitwayo mwendokasi hupita katikati ya barabara ile katika njia yao wenyewe, toka Kimara hata Kivukoni. Na hapo Magomeni njia yao yagawanyika, nyingine yaelekea Kinondoni hata kituo cha Morocco.

Basi, jambo la kwanza la kujua ni hili: Magomeni ni karibu. Mchuuzi wa nguo aweza kwenda Kariakoo kununua mali yake alfajiri, akarudi kabla jua halijawa kali. Kibarua aliyeishiwa nauli hutembea kwa miguu akafika kazini. Huko mbali, pembeni mwa mji, viwanja ni rahisi zaidi, lakini mtu wa huko hutumia nauli nyingi na saa nyingi barabarani, na mwisho wa mwezi aona kwamba urahisi wa kiwanja umeliwa na basi.

Tena tuseme kidogo asili yake. Zamani za ukoloni mji huu uligawanywa: Wazungu walikaa upande wa bahari penye upepo mwema, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika wakapewa Kariakoo, nao jina hili latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya mwaka 1914 hata 1918. Kariakoo ikajaa, Ilala nayo ikajaa. Ndipo baada ya vita ya pili ya dunia serikali ya Waingereza ilipozidi kupima viwanja Magomeni na Temeke. Mtu alipewa kiwanja akajenga mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake, na mahali pengine serikali ikajenga kota za kupangisha. Mwalimu Julius Nyerere, alipoacha ualimu huko Pugu mwaka 1955 ili aongoze chama cha TANU, alijenga nyumba yake Magomeni akakaa humo na jamaa zake. Nyumba hiyo ingalipo, nayo siku hizi ni makumbusho. Baada ya uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, likabomoa nyumba nyingi za udongo na makuti, likajenga mahali pake nyumba za matofali ya saruji na bati. Lakini ramani ya vyumba na ukumbi haikuachwa, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea watu.

NYUMBA YA VYUMBA SITA

Ramani hiyo ndiyo iitwayo nyumba ya Kiswahili, nayo imeenea pwani yote na hata miji ya bara. Mbele pana baraza, ambapo wazee hukaa jioni na mama hukaanga vitumbua asubuhi. Ukumbi mwembamba wapita katikati, kutoka mlango wa mbele hata mlango wa nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Nyuma pana ua uliozungushiwa ukuta, na humo mna jiko, stoo, bafu na choo, na mara nyingine vyumba viwili vitatu vya uani. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vingine huvipangisha.

Kwa mpangaji, chumba kimoja huwa nyumba nzima. Fungua mlango uone. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali ili masanduku yapite chini yake. Pazia lagawanya mahali pa kulala na mahali pa kukaa. Sufuria zimepangwa juu ya kabati, jiko la mkaa lapoa kando ya mlango, nguo zatundikwa ukutani na kufunikwa kwa khanga zisipate vumbi. Baba, mama na watoto watatu waweza kukaa humo, na usiku mkeka hutandikwa pale palipokuwa na meza. Mvulana akikua huona haya kulala na wazazi wake, naye huenda kulala na wenzake katika chumba cha vijana, mtaa wa pili.

Sasa mwaona kwa nini chumba ni rahisi. Paa ni moja, nao waligawana watu sita. Choo ni kimoja, bomba ni moja, mita ya umeme ni moja, mlango wa nje ni mmoja. Kila kitu ambacho tajiri hukinunua peke yake, hapa hununuliwa na sita. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi mno katika hao ni wapangaji wa vyumba. Kama si nyumba hizi, watu wanaofagia mji, wanaoulisha, wanaoushonea nguo na kuulinda usiku, wasingekuwa na mahali pa kulaza kichwa karibu na kazi zao.

KODI YA KWANZA

Kodi ya fedha yaanza kwa dalali. Yeye ndiye ajuaye chumba gani ki wazi, na kwa kazi yake huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kisha mwenye nyumba hutaka kulipwa miezi sita mbele, au mwaka mzima. Hapo ndipo penye shida. Mshahara wa kibarua huja kwa siku, au kwa mwezi, lakini kodi yake yatakiwa kwa nusu mwaka mara moja. Atapata wapi fedha nyingi namna hiyo?

Wengi huzipata kwa upatu. Tuseme watu kumi wamekubaliana, na kila mmoja atoa shilingi 2,000 kila siku. Mtu mmoja mwaminifu, aitwaye kijumbe, hupita kuzikusanya. Baada ya siku kumi zimekuwa shilingi 200,000, naye mwenye zamu huzipokea zote. Siku kumi za pili hupokea mwingine, hata wote wamalize. Hapana benki, hapana riba, wala hapana hati. Dhamana yake ni uso wa mtu, kwamba kesho atapita ukumbi ule ule mbele ya wenzake. Mwenye kula fedha za upatu hawezi tena kukaa katika mtaa.

Baada ya kodi ya chumba huja matumizi ya kila siku, na hapa maskini hupunjwa bila ya mtu kumkusudia ubaya. Dukani hununua mafuta ya kupima, sukari ya robo, unga wa nusu kilo. Gengeni hununua nyanya kwa fungu. Mkaa hununua kwa kopo. Akipiga hesabu ya mwezi mzima, huona kwamba mkaa wa kopo umemgharimu kuliko mkaa wa gunia. Lakini gunia latakiwa kulipwa siku moja, na siku hiyo yeye anayo bei ya kopo tu. Maji nayo ni vivyo hivyo. Bomba likikauka, watu hununua maji kwa wenye mikokoteni, dumu la lita 20 kwa bei yake, na lita za mkokoteni ni ghali kuliko lita za bomba. Ndiyo sababu nyumba yenye kisima au tangi kubwa husifiwa hata mtaa wa tatu.

Na umeme? Mita ni ya LUKU, yaani mtu hununua umeme kwanza ndipo autumie. Wapangaji huchanga. Lakini mmoja ana taa na simu tu, mwingine ana pasi, na wa tatu ana friji naye auza barafu na maji baridi. Je, wachange sawasawa? Twaamini kwamba katika ugomvi wote wa nyumba za vyumba, ugomvi wa LUKU ndio mkubwa. Katika nyumba zenye busara watu hukaa uani siku moja, wakakubaliana: mwenye taa atoe kiasi hiki, mwenye friji aongeze kiasi hiki, na daftari huwekwa kwa mtu mmoja ambaye wote wamwamini. Katika nyumba zisizo na daftari, umeme hukatika saa mbili usiku, na kila mtu hukaa gizani akingoja mwenziwe aone haya kwanza.

KODI YA PILI

Basi twafika kwenye kodi ya pili, nayo ni ujirani. Hailipwi kwa miezi sita. Hulipwa kila siku, tangu alfajiri hata watu walale.

Saa kumi na moja alfajiri watu waamka. Choo ni kimoja, na watu kumi na watano wataka kwenda kazini na shuleni. Mwenye adabu aingia na ndoo yake, atoka upesi, akaacha mahali safi kwa mwenziwe. Usafi hufanywa kwa zamu: juma hili chumba cha kwanza wafagia ua na ukumbi na kuosha choo, juma lijalo chumba cha pili. Mtu asiyeshika zamu yake hatukanwi siku ya kwanza. Ya pili hukumbushwa kwa mzaha. Ya tatu hukuta ufagio umesimamishwa mlangoni pake, naye afahamu.

Tena kuta za vyumba, katika nyumba nyingi za zamani, hazifiki hata bati. Neno lisemwalo chumba cha kwanza lasikika chumba cha sita. Kwa hiyo watu hujifunza kusema polepole, na zaidi ya hayo hujifunza kutosikia. Mume na mke wakigombana usiku, asubuhi jirani huwaamkia kama kwamba alilala fofofo. Lakini mwanamke akipigwa, au mtoto akilia kilio kisicho cha kawaida, jirani huyo huyo hupiga hodi. Kujua lipi la kunyamaza na lipi la kupigia hodi ni elimu, na watu wa Magomeni wanayo.

Katika ukumbi mmoja utawakuta Mzaramo, Mmakonde, Mhaya, Mchaga na Mnyamwezi. Kiswahili ndicho lugha ya uani, na watoto wazaliwao humo huzaliwa nacho. Watani hutaniana: Mzaramo humwambia Mnyamwezi maneno ambayo mtu mwingine akiyasema yangeleta vita, nao wote hucheka. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari hupita mlango kwa mlango bila kuuliza nani afunga na nani hafungi; na siku ya Krismasi pilau hurudi kwa njia ile ile. Sahani hairudishwi tupu. Hii si sheria iliyoandikwa, lakini hatujaona mtu akiivunja.

Je, faida ya kodi hii ni nini? Tuliona wenyewe habari ya fundi cherehani mmoja, kijana wa bara asiye na ndugu mjini. Mchana alishona barazani, jioni alisaidia kujaza madumu ya mama mzee wa chumba cha mbele, na zamu yake ya kufagia hakuikosa. Usiku mmoja akashikwa na homa kali, akaanza kupayuka. Hakuita mtu, maana hakuwa na nguvu ya kuita. Lakini ukuta haukufika bati. Jirani akasikia, akaamsha nyumba. Mmoja akatafuta bajaji, mwingine akatoa fedha za upatu ambazo hazikuwa zamu yake, na yule mama mzee akakaa naye hospitali hata kupambazuka. Daktari alisema kwamba malaria ilikuwa imekwisha panda kichwani, na kama angeletwa asubuhi, ingalikuwa vigumu kumwokoa. Ukuta ule mfupi tuliokuwa tukiulalamikia ndio uliomponya.

Na mtu akifa, hali ni hiyo hiyo. Turubai hutandazwa barabarani, viti huazimwa, daftari la rambirambi hufunguliwa, wanawake huleta sufuria zao, wanaume hukesha. Marehemu asiye na ndugu hazikwi kama asiye na watu. Mwenye mali, aliyejifungia katika nyumba yake yenye geti na walinzi, hana budi kununua mambo haya yote kwa fedha, na mengine hayauzwi. Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

TAABU ZAKE

Hatutaki kuwadanganya. Mambo mengi ya mitaa hiyo si ya kusifiwa. Joto la bati mwezi wa Januari hulaza watu barazani. Mtoto wa shule hana mahali pa kusoma, maana chumba ndicho jiko na ndicho sebule. Ngoma za usiku za harusi, ziitwazo vigodoro, huziba mtaa hata alfajiri, na mgonjwa hana la kufanya. Vibaka wapo, na ujirani una ulimi: habari ya mtu huenea kuliko inavyostahili.

Lakini taabu kubwa ni mvua. Mvua za masika na vuli zikizidi, mto Msimbazi hujaa, Jangwani hugeuka ziwa, na barabara hufungwa. Magomeni huona mji ng'ambo wala haiwezi kuufikia. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika Dar es Salaam. Wengi waliokaa bondeni walihamishwa na serikali, wakapewa viwanja Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Huko palikuwa pakavu na salama, lakini palikuwa mbali na soko, mbali na kazi, na mbali na majirani. Baadhi yao wakarudi bondeni penye hatari. Watu walishangaa, wakasema hao ni wajinga. Sisi hatukushangaa sana. Walikuwa wamepewa kiwanja, nao walihitaji na mtaa pia. Siku hizi umo mpango mkubwa wa kulitengeneza bonde la Msimbazi, kwa fedha za Benki ya Dunia zilizokubaliwa mwaka 2022, nao wataka watu waondoke bondeni kwa fidia. Twaomba safari hii wahamishwao wasitawanywe kama punje za mtama.

Iko na desturi nyingine mbaya ya mvua, nayo ni kutapisha choo, yaani kufungulia uchafu wa choo utoke na maji ya mvua. Mtu afanyaye hivyo aokoa fedha za gari la kunyonya, lakini awaletea watoto wa mtaa mzima kuhara na kipindupindu. Huyu amelipa kodi ya kwanza, na ya pili ameiiba.

NYUMBA ZINAPOONDOKA

Sasa liko jambo jipya linalowatia wapangaji hofu. Magomeni ni karibu na mji, na kwa sababu hiyo hiyo kiwanja chake kimekuwa ghali. Mwenye nyumba akifa, warithi huwa wengi. Hawawezi kugawana vyumba sita kwa watu tisa, basi huuza. Mnunuzi hataki nyumba. Ataka kiwanja, apate kujenga ghorofa. Wapangaji huambiwa waondoke kabla ya mwisho wa mwezi fulani, na wengi hawana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha kodi waliyolipa. Kariakoo ilibadilika namna hiyo. Nyumba za vyumba zikawa chache, maghorofa ya maduka yakasimama mahali pake, na waliokaa humo wakaenda mbali.

Hatusemi kwamba ghorofa ni baya. Pale Magomeni Kota, nyumba za zamani za serikali zilibomolewa, na wenyeji wake, kaya 644, wakangoja miaka mingi kwa kupanga huku na huku. Mwisho yakajengwa maghorofa yenye nyumba 644, na Rais Samia Suluhu Hassan akayafungua mwezi wa Machi 2022, na wenyeji wale wakarudishwa. Hilo ni jambo jema na la kuigwa, maana si mara nyingi mtu aliyeondolewa kwenye kiwanja cha thamani hurudi pale pale. Kila jamaa ina choo chake, jiko lake na mlango wake. Mtoto apata mahali pa kusomea.

Ila twauliza wajenzi maswali machache. Katika ghorofa, baraza li wapi? Mama wa vitumbua atakaa wapi saa kumi na moja alfajiri? Turubai la msiba litatandazwa wapi? Mzee asiyeweza kushuka ngazi atamwona nani jioni? Maswali haya si ya kurudisha watu katika choo kimoja. Ni ya kukumbusha kwamba nyumba za zamani zilifanya kazi mbili, kulaza watu na kuwakutanisha, na mwenye kujenga mpya yampasa kuzikumbuka zote mbili. Ukumbi mpana, ua wenye kivuli, na vibanda vichache chini kwa ajili ya wachuuzi haviongezi gharama nyingi.

MANENO KWA ATAKAYEKWENDA

Mwisho, haya ni mashauri yetu kwa kijana aendaye kupanga chumba, na wazazi wake wamsomee kabla hajapanda basi.

1. Usilipe kabla ya kuona choo, bafu na bomba. Chumba kizuri katika nyumba isiyo na maji si chumba kizuri.

2. Tazama kuta za nje. Mafuriko huacha alama ya tope. Uliza majirani, wala si dalali, maji yalifika wapi masika iliyopita.

3. Andikeni mkataba, japo ukurasa mmoja, mbele ya mashahidi, na kila ulipapo upate stakabadhi. Kisha nenda ukajiandikishe kwa mjumbe na kwa ofisi ya serikali ya mtaa. Siku utakapotaka kitambulisho, au kufungua hesabu benki, utaulizwa barua yao.

4. Uliza habari za LUKU siku ya kwanza, kabla hamjagombana.

5. Siku uingiapo, piga hodi kila chumba, uwaamkie wakubwa, useme jina lako na utokako. Shika zamu yako. Nenda msibani hata kama humjui marehemu, wewe wajulikana.

Hilo la tano halina bei, na watu wengi hulidharau. Tumewaona vijana waliolipa fedha zao zote kwa wakati, wakafunga milango yao, wakasema, "Mimi sina haja na mtu." Siku walipougua, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nanyi wazazi, mtoto akipiga simu kusema amepata chumba, msimwulize kodi ni shilingi ngapi tu. Mwulizeni na majina ya majirani zake. Akiyataja mawili matatu bila kusita, laleni usingizi.